TEKNOLOJIA: Hitilafu ijayo na kutoweka huwa na mahali inakojificha

MTUMIAJI wa tovuti anapobofya kitufe na kuonyeshwa ujumbe kwamba huduma haipatikani, kisha akabofya tena na ukurasa ukafunguka bila matata, aghalabu huyasahau yaliyotokea. Huulaumu mtandao wa simu, au huilaumu kompyuta yake, kisha akaendelea na shughuli zake.

Kwa wahandisi wanaoisimamia tovuti hiyo, hata hivyo, hitilafu ya namna hiyo ni miongoni mwa zilizo ngumu kabisa kutatua. Tovuti iliyozimika kabisa hujitangaza yenyewe: simu hulia ofisini na kila mtu huacha alichokuwa akifanya. Hitilafu ijayo na kutoweka huweza kuishi kwa wiki nyingi, huku kila anayeitafuta akiikosa na kuripoti kwamba mambo ni shwari.

Gharama yake si ndogo. Mlipa kodi anayewasilisha ritani ikikaribia Juni 30, mwanafunzi anayeomba nafasi chuoni siku ya mwisho na mfanyabiashara anayelipia mzigo wake bandarini, wote hutegemea kwamba ombi moja watakalolituma litapokelewa. Kwao, asilimia ndogo ya makosa si takwimu tu, bali ni fursa iliyopotea au malipo yaliyokatwa mara mbili.

Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hizo, na jinsi zinavyoweza kusakwa kwa utaratibu badala ya kubahatisha.

Mgawaji na seva zake

Tovuti yenye watumiaji wengi haiendeshwi na kompyuta moja. Huwa na kompyuta kadhaa, ziitwazo seva, kila moja ikiwa na nakala ya programu ile ile. Mbele yazo huwekwa mtambo ambao kazi yake ni kuyapokea maombi ya wateja na kuyagawa miongoni mwa seva hizo. Katika makala haya, mtambo huo tutauita mgawaji.

Mgawaji anaweza kulinganishwa na mlinzi wa benki anayesimama penye foleni na kuwaelekeza wateja kwenye madirisha ya makarani. Mteja hajui atahudumiwa katika dirisha lipi, wala hana haja ya kujua, maadamu kila dirisha linatoa huduma sawa.

Zipo njia kadhaa za kugawa. Ya kwanza ni ya zamu, ambapo ombi la kwanza hupelekwa kwa seva ya kwanza, la pili kwa seva ya pili, na kadhalika. Ya pili ni kulipeleka kila ombi kwa seva yenye kazi chache zaidi wakati huo. Ya tatu ni kumrudisha mteja kwa seva ile ile iliyomhudumia mwanzo.

Mpango huu una faida kubwa. Seva moja ikifa, mgawaji huacha kuitumia na zilizosalia huendelea na kazi. Tatizo huzuka pale seva isipokufa, bali inapokuwa nusu hai: inaitika ikiitwa, lakini haiwezi kuikamilisha kazi iliyopewa. Seva kama hiyo huendelea kupelekewa wateja, na kila anayeangukia mikononi mwake hupata hasara.

Kwa nini haionekani

Chukua mfano wa tovuti yenye seva 4, moja ikiwa mbovu kabisa, na mgawaji anayechagua kwa bahati nasibu. Mhandisi akiijaribu tovuti hiyo mara 5 kutoka mezani pake, uwezekano wa majaribio yote 5 kufanikiwa ni karibu 24 kwa kila 100. Kwa maneno mengine, takriban mara moja katika kila nne atatangaza kwamba hakuna tatizo, ilhali robo ya wateja wanateseka. Angelazimika kujaribu mara 16 ndipo uwezekano wa kudanganyika ushuke hadi karibu 1 kwa 100.

Hali huwa ngumu zaidi mgawaji anapomrudisha kila mteja kwa seva yake ya awali. Hapo mteja mmoja hufanikiwa kila mara, na mwingine hushindwa kila mara. Mhandisi aliyepangiwa seva nzima ataapa kwamba tovuti ni nzima, na mteja aliyepangiwa seva mbovu ataapa kwamba tovuti imekufa. Wote wawili husema kweli.

Takwimu za jumla nazo huficha mengi. Iwapo seva moja kati ya 4 inakosea katika asilimia 8 ya maombi yake, ripoti ya tovuti nzima itaonyesha asilimia 2 pekee. Kiwango hicho ni rahisi kukipuuza na kukihusisha na udhaifu wa mtandao. Ripoti hiyo hiyo ikigawanywa kwa kila seva, ingeonyesha asilimia 0 kwa seva tatu, na asilimia 8 kwa moja. Hapo hakuna tena cha kubishania.

Funzo la seva ya nane

Hatari ya seva moja kutofautiana na wenzake ilidhihirika Marekani Agosti 1, 2012, katika kampuni ya Knight Capital iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa. Seva zilizohusika hazikuwa za tovuti. Zilikuwa za kupeleka maagizo ya ununuzi na uuzaji katika masoko ya hisa, lakini mpangilio wake ulikuwa wa aina hii hii: seva 8 zilizotarajiwa kuwa sawa, zikigawana kazi moja.

Siku chache kabla ya hapo, kampuni hiyo ilikuwa imeweka programu mpya katika seva hizo. Kwa mujibu wa tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, SEC, fundi aliyeifanya kazi hiyo hakuiweka programu mpya katika seva moja kati ya 8, na hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua kazi yake.

Seva hiyo ilibakia na programu ya zamani iliyoitwa Power Peg, ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuitumia tangu 2003. Kwa bahati mbaya, alama iliyotumiwa kuiamsha programu mpya ndiyo iliyokuwa ikiiamsha ile ya zamani. Soko lilipofunguliwa, seva 7 zilifanya kazi barabara. Ya nane iliamsha Power Peg na kuanza kutuma maagizo bila kikomo.

Katika muda wa dakika 45 hivi, maagizo 212 ya wateja yalizaa zaidi ya mauzo na manunuzi milioni 4 ya hisa za kampuni 154. Hasara ya Knight Capital ilipita dola milioni 460 za Marekani. Mwaka uliofuata, tume hiyo iliitoza faini ya dola milioni 12, na kampuni yenyewe ikaungana na nyingine iitwayo Getco.

Mambo mawili katika mkasa huo yanamhusu kila msimamizi wa seva. La kwanza ni kwamba onyo lilikuwapo. Kabla ya soko kufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, mitambo ya kampuni ilikuwa imetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikiitaja Power Peg, lakini hakuna aliyezishughulikia.

La pili ni la kusikitisha zaidi. Wahandisi walipokuwa wakihangaika kutafuta tiba, waliiondoa programu mpya katika seva 7 zilizokuwa nzima, wakidhani kwamba ndiyo iliyoleta balaa. Kwa kufanya hivyo, seva hizo nazo ziliamsha Power Peg, na tatizo la seva moja likawa la seva zote. Walianza kutibu kabla ya kujua nani aliyeugua.

Swali la kwanza: ni seva ipi?

Swali la kwanza katika msako wa hitilafu ya aina hii, basi, ni ‘ni seva ipi?’ kabla ya ‘ni kwa nini?’. Ili lijibiwe, ni sharti kila ombi liache nyayo.

Njia iliyozoeleka ni mgawaji kulipatia kila ombi namba yake ya utambulisho mara tu linapoingia. Namba hiyo huandikwa katika kumbukumbu za mgawaji, za seva iliyolishughulikia ombi, na za hifadhidata ikiwezekana. Jina la seva nalo huandikwa. Mteja anapolalamika, ukurasa wa hitilafu ukimwonyesha namba hiyo na saa, mhandisi ataifuata safari ya ombi hilo toka mwanzo hadi lilipokwama.

Kumbukumbu zikishapatikana, makosa yagawanywe kwa seva, kisha kwa saa, kisha kwa ukurasa uliotafutwa. Mgawanyo huo peke yake hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Makosa yakirundikana katika seva moja, ugonjwa umo ndani ya seva hiyo. Yakienea sawasawa katika seva zote, basi ugonjwa umo katika kitu ambacho zote hukitumia: mgawaji mwenyewe, hifadhidata, au nyaya na mitambo inayoziunganisha.

Namba ya hitilafu nayo hutoa fununu. Kwa kawaida, 500 humaanisha kwamba seva ilifikiwa lakini programu ikakwama ndani yake. 502 humaanisha kwamba mawasiliano kati ya mgawaji na seva yalikatika au jibu halikueleweka. 503 hudokeza kwamba hapakuwa na seva iliyokuwa tayari kupokea kazi, nayo 504 humaanisha kwamba mgawaji alingoja jibu hadi muda aliowekewa ukaisha.

Seva ikishukiwa, dawa ya haraka ambayo wengi huikimbilia ni kuizima na kuiwasha upya. Mara nyingi hitilafu hutoweka, na kila mtu hurejea nyumbani akiwa amefurahi. Lakini pamoja nayo hutoweka pia ushahidi: yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda ya seva, programu zilizokuwa zikiendelea na milango ya mawasiliano iliyokuwa wazi. Hitilafu itarudi, na msako utaanza upya bila chochote mkononi.

Iliyo bora ni kumwamuru mgawaji aache kuipelekea seva hiyo wateja, lakini yenyewe iachwe ikiwaka. Wateja huwa wameokolewa, na mgonjwa angali hai kupimwa. Kisha mhandisi huijaribu seva hiyo moja kwa moja, bila kumpitia mgawaji, na kuilinganisha na iliyo nzima: toleo la programu, mipangilio, saa, nafasi iliyosalia katika diski, na tarehe ya kuisha kwa vyeti vya usalama. Tofauti moja kati ya hizo mara nyingi ndiyo jibu.

Wahalifu wa kawaida

Uzoefu umeonyesha kwamba baadhi ya visababishi hujirudia mara kwa mara.

Kimoja ni kumbukumbu ya mteja kuwekwa ndani ya seva moja. Mteja huingia kwa nenosiri lake akihudumiwa na seva ya kwanza, nayo humkumbuka. Akibofya ukurasa wa pili hupelekwa kwa seva ya tatu, ambayo haimjui, na kumtaka aingie upya. Ni kama hospitali ambayo kila chumba kina daftari lake la wagonjwa. Tiba ni kuiweka kumbukumbu hiyo katika hifadhi moja inayofikiwa na seva zote. Vivyo hivyo, funguo za siri zinazotumiwa kuthibitisha kwamba mteja ameingia hazina budi kuwa sawa katika seva zote.

Kingine ni saa. Vibali vingi vya kielektroniki huwa na muda maalum wa kutumika. Seva ambayo saa yake imetangulia kwa dakika kadhaa itavikataa ikidai vimekwisha, na iliyochelewa itavikataa ikidai havijaanza. Seva nyingine zitavikubali. Ndiyo sababu saa za seva zote huoanishwa kupitia mtandao.

Cha tatu ni wakati wa kubadilisha programu. Seva zinapobadilishwa moja baada ya nyingine, huwapo kipindi ambapo matoleo mawili yanafanya kazi kwa pamoja. Mteja anaweza kupewa ukurasa na seva mpya, kisha picha za ukurasa huo zikaombwa kutoka kwa seva ya zamani ambayo haina picha hizo. Hitilafu hizo zikikoma baada ya kazi kukamilika, si kitendawili. Zisipokoma, ichunguzwe kama kuna seva iliyosahaulika, kama ile ya nane.

Cha nne kinahusu subira. Ili kuokoa wakati, mgawaji huacha wazi laini za mawasiliano kati yake na seva hata kazi inapokwisha, ili ombi lijalo lizitumie. Seva ikiwa na subira fupi kuliko mgawaji, huzikata laini hizo mapema. Mathalan, matoleo mengi ya programu ya Node.js hukata laini iliyokaa kimya kwa sekunde 5, ilhali mgawaji wa maombi ya tovuti wa kampuni ya Amazon husubiri sekunde 60 iwapo hakuna aliyeubadilisha mpangilio huo.

Hivyo basi, huja nukta ambapo mgawaji anatuma ombi katika laini ambayo seva inaikata wakati huo huo. Ombi hupotea na mteja huona 502. Makosa haya huwa machache, huenea katika seva zote, na programu yenyewe haina kasoro. Tiba ni kuhakikisha kwamba subira ya seva ni ndefu kuliko ya mgawaji.

Mlegevu apewapo kazi zaidi

Kuna kisa kimoja ambacho huwashangaza hata wenye uzoefu. Seva iliyopoteza mawasiliano na hifadhidata haifanyi kazi yoyote ya maana. Ikipokea ombi, hurudisha hitilafu katika muda mfupi mno. Seva nzima, kwa upande mwingine, huchukua muda kutafuta na kupanga jibu.

Ikiwa mgawaji ameagizwa kulipeleka kila ombi kwa seva yenye kazi chache, ataiona seva mbovu daima haina foleni, na kuipelekea wateja wengi kuliko wengine. Ni kama dirisha la benki ambalo karani humjibu kila mteja ‘rudi kesho’: foleni yake huwa fupi kila wakati, na mlinzi asiyejua huwaelekeza watu huko kwa wingi. Tovuti yenye seva moja mbovu kati ya 4 huweza hivyo kuwa na makosa yanayopita robo ya maombi yote.

Kinga iko katika swali ambalo mgawaji huiuliza kila seva baada ya kila sekunde chache ili kujua kama ni nzima. Swali likiwa ‘je, upo?’, seva nusu hai itaitika kwamba ipo. Swali likiwa ‘je, unaweza kusoma hifadhidata sasa hivi?’, itabidi iseme ukweli.

Lakini hata hapa panahitajika busara. Hifadhidata ambayo seva zote huitegemea ikiyumba kidogo, seva zote zitajibu kwamba haziwezi, na mgawaji akiziondoa zote kwa pamoja, tatizo dogo litakuwa limeizima tovuti nzima. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wagawaji huwekewa sheria kwamba seva zote zikionekana mbovu kwa wakati mmoja, ziendelee kupelekewa kazi.

Anachoweza kufanya mtumiaji

Mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kuziona seva, lakini ana mambo mawili ya kuzingatia.

Kwanza, hitilafu si ithibati kwamba ombi lake halikutekelezwa. Namba 504, mathalan, husema tu kwamba mgawaji alichoka kungoja. Huenda seva ilikuwa ikiendelea na kazi na kuikamilisha baadaye. Anayelipa ada au kodi akiona ujumbe huo, asibofye tena kitufe cha kulipa kabla ya kuangalia salio lake au orodha ya malipo yake. Tovuti iliyoundwa vyema hulipa kila agizo la malipo namba yake ya pekee ili lisitekelezwe mara mbili, lakini mtumiaji hana njia ya kujua kama anayoitumia imeundwa hivyo.

Pili, malalamiko yenye maelezo kamili husaidia kuliko yenye hasira. Mteja anayeandika kwamba ‘tovuti yenu haifanyi kazi’ atajibiwa kwamba inafanya kazi. Anayetaja tarehe, saa na dakika, ukurasa aliokuwa akiufungua na namba iliyoonyeshwa, huwapa wahandisi pa kuanzia, kwani kwa maelezo hayo wanaweza kulipata ombi lake katika kumbukumbu na kuitambua seva iliyomhudumia.

Kwa wasimamizi wa tovuti, wajibu ni mkubwa zaidi. Mdharau mwiba, walisema wahenga, guu huota tende. Asilimia 2 ya makosa inayopuuzwa leo kwa kuwa hakuna aliyeweza kuishuhudia mezani pake, huenda ikawa ni seva moja iliyosahaulika, ikingoja siku ambayo wateja watakuwa wengi kuliko kawaida. Siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kuanza kuitafuta.